Utani Una Kazi Yake

Wasichana wanaokuja kwangu kupimwa sare wana maneno mengi ya jambo moja. Mmoja atasema wanamzingua, mwingine wanamchukulia poa, mwingine atasema "yule ananibuli", neno la kwenye simu hilo, na mimi nampima mabega huku yamepanda mpaka masikioni. Nikiuliza kama amemwambia mtu, jibu ni lile lile la enzi zetu: nimeambiwa ni utani tu, nisiwe na moyo mwepesi. Hapo huweka futi kamba chini.

Nina cherehani mbili hapa Ruangwa, nyuma ya soko, na najulikana kwa ukali. Sawa, mimi mkali. Wateja wazima huniuliza, fundi, mbona mambo ya watoto unayabeba hivyo, si wanacheza tu? Siwajibu, nawaongezea siku za kusubiri nguo. Lakini leo nitajibu. Kwenye shule moja ya sekondari upande wa Nachingwea alikuwepo Matroni wa bweni la wasichana. Mimi nilirudi shule kwa sababu yake. Kuna mwenzangu aliacha shule kwa sababu yake vilevile, na kwa sababu yangu. Yote mawili ni kweli, na kwa miaka mingi nimekuwa nikisimulia la kwanza tu.

Jina lake silitaji. Hata sisi hatukulitumia, na sidhani kama angeitika. Alikuwa Matroni, basi. Mngoni, mfupi, mpana, na alivaa kandambili ambazo alizipiga chini makusudi, ukamsikia tangu anatoka jikoni, pa, pa, pa, mpaka mlangoni kwenu. Tulidhani ni uzembe wa mwendo. Siku moja dada wa kidato cha nne akamwambia, "Matroni, wewe kwa mwendo huo huwezi kumfumania hata mwizi wa sukari."

"Nani kakwambia nataka kufumania?" akasema. "Nataka muache kabla sijafika. Nikikukuta inabidi nikuadhibu, na mimi bega linaniuma."

Usimdhanie mpole. Hizo kandambili alizirusha, na alikuwa na shabaha. Alipendelea mabinti wa walimu waziwazi, akawapa ukoko wa wali wa siku ya Idi wakati sisi tunatazama. Akikuta kitanda hakijatandikwa alitoa godoro lako nje likapigwe jua na wewe ukae juu yake, shule nzima ikupite. Ukilia alikuacha ulie mpaka uishe, kisha akakuuliza umekula. Alikuwa na majina kwa kila mtu, na majina yenyewe hayakuwa mazuri. Mimi aliniita Mla Ming'oko, eti kwetu Chinongwe tunachimba mizizi porini kama ngiri.

Ila kulikuwa na jambo moja ambalo sikuliona kwa mtu mwingine pale. Alipokuita jina alisimama kusubiri. Alitaka umrudishie. Ukikaa kimya alikukazia macho: "Haya, na mimi je? Nimeoga maziwa?" Ilinichukua karibu mwaka mzima kupata la kumwambia. Nikamwambia, nyie Wangoni mlitoka Afrika Kusini kwa miguu, nauli ikawaishia Songea. Alikaa chini kwenye sinki la kufulia akacheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. Kuanzia hapo nilikuwa mtani wake, na Mngoni na Mmwera ni watani tangu babu zetu, hilo halikuanzia kwetu.

Lakini kabla ya kicheko hicho kulikuwa na ndoo.

Nilipoingia kidato cha kwanza, mwalimu wa Kiswahili alinisimamisha nisome. Sentensi ilikuwa na mtoto wa mkulima. Nikasoma kama tunavyosema nyumbani, kama alivyosema bibi yangu, kama anavyosema shehe wetu mpaka leo: ntoto wa nkulima. Mwalimu yule alikuwa mgeni, amepangiwa huku kutoka mbali, na alicheka. Sikatai kwamba darasa ndilo lililonikomesha, lakini kiberiti alikiwasha mtu mzima mwenye chaki mkononi. Mpaka jioni jina langu lilikuwa Ntoto.

Jina ningelivumilia. Kilichofuata ni taarifa ya habari. Baada ya vipindi, tukienda kuchota maji kwenye pampu, dada mkuu alipindua ndoo, akanisimamisha juu yake, akanipa kipande cha gazeti kilichofungiwa maandazi. "Haya Ntoto, tusomee habari." Nasoma, nkuu wa nkoa, wanaanguka. Nikijikaza nikasema mkuu wa mkoa, wanasema najishaua, naigiza watu wa mjini, nianze upya. Siku ya tatu au ya nne nikagundua hakuna namna ya kusoma itakayonishusha pale. Nikilia wanacheka, nikicheka wanasema, mnaona, hata mwenyewe anafurahi.

Dada mkuu hakuwa shetani. Nalisema hili kwa shingo upande lakini nalisema. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali aliyehamishiwa wilayani, Kiswahili chake kimenyooka, anajua kuimba, anajua kuchekesha, na kila mtu alitaka kusimama karibu naye. Hata mimi nilitaka.

Siku Matroni alipotukuta, kelele za pampu zilizimeza kandambili zake. Nilikuwa juu ya ndoo. Dada mkuu akageuka, akasema lile neno bila hata kubadilika uso.

"Ni utani tu, Matroni."

"Wewe na huyu ni watani?"

"Hapana, yaani, tunataniana tu."

"Yeye alikutania lini?"

Matroni akanigeukia. "Haya, mtanie." Nikamwangalia dada mkuu, viatu vyake, kola yake nyeupe, na kichwani sikukuta hata neno moja. Matroni akatikisa kichwa. "Huyu hana cha kukurudishia. Lakini umesema utani, nimesikia, na hawa wote wamesikia. Utani una kazi yake. Siku ya kazi ikifika nitakuita."

Akaondoka. Hakuna fimbo, hakuna kupiga magoti, hakuna kung'oa visiki. Nilimchukia siku hiyo kuliko nilivyomchukia dada mkuu. Nikajiambia, huyu naye ni walewale. Habari ziliendelea kusomwa, ila sasa ndoo ilihamia nyuma ya vyoo ambako Matroni hakupita.

Bwenini tulilijadili sana jambo hili, msidhani watoto hawajadili. Mmoja alisema ukicheka nao wanachoka. Mwingine alisema hata wao walifanyiwa, ni zamu tu, ukifika kidato cha nne na wewe utakuwa na wako. Mwingine alisema ukisema kwa walimu utaitwa mnoko, na mnoko hana rafiki mpaka anamaliza shule. Zilikuwa hoja nzuri, kila moja ina akili yake, na zote ziliishia mahali pamoja: nyamaza. Mimi nikaamua langu. Likizo ikifika sirudi. Nitalima ufuta na bibi yangu, na ntoto nitasema mpaka nizeeke.

Likizo haikufika. Bibi alifariki katikati ya muhula. Ndiye aliyenilea, na mjomba alipopiga simu ya shule, mimi niliambiwa na Matroni, amekaa kitandani kwangu, mkono wake umenishika kisigino sijui kwa nini kisigino. Nikafungasha. Nilipofika getini na tranka kichwani akanisimamisha.

"Tranka la nini msibani?"

"Nguo."

"Nguo zote?"

Akatazama tranka, akanitazama, akafungua geti.

Siku ya pili ya matanga, tumekaa kwenye mikeka uani, kina mama wakubwa wamechoka hata kulia, tukasikia gari la mizigo linasimama barabarani. Kisha sauti ambayo hata ningekuwa kaburini ningeijua. "Wamwera! Nimesikia mmepungua, nimekuja kuhesabu."

Mtu asiyejua mila angesema huyu mwanamke kichaa. Wajomba walinyanyua vichwa. Mama mkubwa, aliyekuwa hajatia kitu mdomoni tangu jana yake, aliruka kwenye mkeka. "Mngoni huyo! Umekuja na ngao au umekuja na sahani?" Kina mama wote wakapasuka kucheka, machozi yakiwa bado mashavuni, na Matroni akaingia uani bila hodi kama mila inavyomruhusu, akalala chali kwenye mkeka wa marehemu, akadai hatoki mpaka apewe kuku. Nyuma yake walisimama wasichana watatu wa shule na kanga zimefungwa kiunoni. Wa mbele alikuwa dada mkuu.

"Na hawa?" akauliza mama mkubwa.

"Hawa ni watani wa mjukuu wa marehemu. Wamesema wenyewe, mashahidi ninao."

Dada mkuu akanong'ona, nilimsikia, "Matroni, sisi kwetu hatuna utani na Wamwera."

"Juzi ulikuwa nao. Chukua ndoo."

Basi wakachukuliwa kama watani wanavyochukuliwa. Mtani msibani hapumziki na hasemi nimechoka. Walichota maji kisimani mpaka shingo zikapinda. Walichekecha unga, walipuliza moto wa kuni mbichi, waliosha masufuria makubwa kuliko wao. Shangazi mmoja akamsalimia dada mkuu kwa Kimwera na kumtaka aitike. Akaitika vibaya. Wakacheka, akarudia, akaharibu zaidi, wakacheka zaidi, na mimi nikasogea nione uso wake vizuri, sifichi, nilikuwa nimeingoja siku hiyo. Alikuwa mwekundu wa macho. Halafu shangazi yule akavuta miguu, akapiga mkeka kwa kiganja, akamwambia kaa hapa, kula. Akamwekea mbaazi na tonge la kwanza akamlisha kwa mkono wake. Mimi nilibaki nimesimama pale na furaha yangu imenikatika mikononi, sijui niifanyie nini.

Mchana ule Matroni akawauliza kina mama, marehemu alikuwa anatembeaje? Wakamwonyesha. Akajifunga kanga ya bibi, akainama upande mmoja kwa nyonga ile mbovu, akazunguka uani akiwafokea kuku kwa maneno aliyofundishwa dakika hiyo hiyo. Hakuwahi kumwona bibi yangu hata siku moja, lakini kwa muda wa kuzunguka ua mara moja nilimwona bibi. Nililia kilio ambacho kilikuwa kimekataa kutoka tangu kisigino.

Nilimkuta dada mkuu anasugua sufuria kwa majivu. Nikachuchumaa upande wa pili. Tulisugua muda.

"Mimi hata sikujua kama una bibi," akasema.

"Kila mtu ana bibi."

"Najua. Ila wewe sikuwahi kufikiria."

Hilo ndilo lililokuwa ombi lake la radhi, kama lilikuwa ombi. Sikumsamehe siku hiyo, na mpaka leo sijaamua, na anayetaka kuniambia kwamba kusamehe ni afya aje nimpime gauni tunyamaze wote. Lakini sikuwahi tena kupanda ndoo, na hakuna aliyepandishwa tena muhula ule. Jioni gari lilipokuja kuwachukua, Matroni aliniuliza swali moja tu. "Tranka libaki au lije?" Nikasema lije.

Hii ndiyo hadithi ninayowasimulia wasichana wa sare. Wanaipenda. Wengine wamekwenda kuisimulia shuleni, na mwalimu mmoja alinitumia salamu eti ina mafunzo.

Baada ya msiba ule, Matroni akawa na fundisho. Jumamosi tulipofua, alikaa ukingoni mwa sinki na kutuchokonoa: utani ni nini na uonevu ni nini? Tulibishana hasa. Mmoja alisema yeye akiitwa Mweusi haoni shida. Mwenzake akamwambia, kwa sababu anayekuita ni shoga yako, ngoja nikuite mimi. Dada wa kidato cha tatu akasema, "Mbona sisi tulifanyiwa tukiwa form one, na tupo?"

"Mpo, ndiyo," Matroni akasema. "Mbona unalisema huku unauma meno?"

Hayo yalikuwa mazungumzo bora niliyowahi kuyasikia shuleni, darasani hayakuwepo. Na mwisho wake alikuwa na kipimo chake: mtani wako ni yule unayeweza kumrudishia leo, na atakayekuja kuchota maji msibani kwenu kesho. Asiye hivyo anakuonea. Tulikipenda kipimo hicho. Kilikuwa chepesi, na ubaya wake ulikuwa hapo hapo. Kila malalamiko yalipokuja, Matroni alianza na swali moja: ni kabila gani wewe, na yeye kabila gani? Wakiwa watani, kesi imekwisha, nenda karudishe.

Tulipofika kidato cha tatu, kulikuwa na msichana wa Nambambo, Myao, mtulivu, hodari wa hesabu kuliko sisi wote. Alikuwa na kigugumizi. Si kikubwa, kilimshika zaidi pale watu wengi wanapomsubiri. Na kila siku saa kumi na mbili jioni tulisimama mistari mbele ya bweni, kiranja anaita majina, kila mtu anaitika nipo. Jina lake likiitwa, ile nipo ilimganda mdomoni. Akichelewa, jina linaitwa tena, mara ya tatu, na kufikia hapo mstari mzima wa nyuma ulikuwa unamwitikia, ni-ni-ni-nipo, kama kwaya. Waliokuwa mbele katika hilo walikuwa Wamakonde watatu. Wamakonde na Wayao, nani asiyejua, ni watani.

Alikwenda kwa Matroni. Nilikuwa mle ndani nakunja mashuka, nilisikia. Matroni alimwuliza kabila, akauliza la wenzake, akatabasamu. "Hao si watani zako? Umeshindwaje na Mmakonde? Warudishie."

Fikiri mwenyewe. Mtu ambaye maneno ndiyo yanayomkataa, anaambiwa akajitetee kwa maneno. Msichana yule alisimama kidogo, mdomo ukataka kufunguka, akaghairi, akatoka. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Mimi niliyesimama juu ya ndoo bila neno hata moja kichwani, nilipaswa kudondosha mashuka yale na kusema, Matroni, huyu hana cha kurudisha, kumbuka. Nilikunja shuka.

Aliacha shule kabla ya mtihani. Hakukuwa na mimba, karo ilikuwa imelipwa, hakuumwa. Baba yake alikuja na baiskeli akafunga godoro nyuma, na alipoulizwa alisema mtoto amechoka. Matroni alisema Wayao ni wagumu, atarudi. Akasema hivyo muhula ule na muhula uliofuata, na akaacha kusema. Sehemu yangu katika mambo haya haikuwa mashuka peke yake. Nimeipita makusudi, kama nilivyoipita miaka yote, nitaisema nikifika mahali pake.

Mwaka jana msimu wa ufuta, nikiwa nashona, kivuli kikasimama mlangoni. Sikusikia mtu akija. Nilinyanyua macho nikamwona mwanamke mzee, amekonda, amevaa raba za mazoezi na soksi.

"Shikamoo, mama. Karibu."

"Marahaba. Mla Ming'oko."

Nilisimama na nguo ya mteja ikaanguka. Alikuwa amestaafu, anakaa kwa binti yake Nachingwea mjini, magoti yamemtupa. Nikamsukumia kiti, nikaagiza chai, nikaanza kumsimulia jinsi wasichana wangu wanavyoipenda habari ya msiba wetu. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Chai hakuigusa.

"Na ya yule wa Nambambo unawasimulia?"

Niliinama kuokota nguo ya mteja.

"Mimi nimemtafuta," akasema. "Nimeulizia mpaka nimempata, ana mume na shamba. Yule mtoto alikuja kwangu ameumia, mimi nikamwuliza kabila. Mwanangu, mtu anatokwa damu unamwuliza kabila? Nilijifanya hakimu wa utani. Nimekuja kukuchukua twende."

"Mimi wa nini, Matroni?"

Alijua. Bila shaka alijua siku zote, kandambili zile hazikuwa za mjinga. Nilimwambia nina kazi za watu. Nilimwambia wiki ijayo. Nilimwambia, tena kwa ukali, kwamba yeye ndiye alikuwa mtu mzima pale, sisi tulikuwa watoto. Akakubali yote, akaendelea kukaa. Saa nzima alikaa. Mwishowe nilifunika cherehani, tukapanda basi la Nachingwea, na kutoka hapo bodaboda mbili, yake mbele, yangu nyuma.

Tulimkuta shambani, ametandika turubai, anashika mafungu ya ufuta uliokauka na kuyageuza kichwa chini ili punje zimwagike. Alitutambua tangu mbali. Hakuacha kazi. Matroni alitaka kupiga magoti, magoti yakakataa, akakaa chini kabisa kwenye udongo. Akasema alichofanya, bila kukizungushia maneno: ulikuja kwangu, nikakuuliza kabila, nikakurudisha kwao. Nilikosa. Sikuja unisamehe, nimekuja useme.

Mwanamke yule alimwaga fungu moja, akachukua lingine. Alipoanza kuongea kigugumizi kilikuwepo, na yeye hakukiharakisha wala hakuinamisha uso. Alisimama ndani yake kama mtu anayengoja mlango wake mwenyewe ufunguke. Alisema ameshamsikia. Alisema kwa miaka mingi watu wamemwambia ulikuwa utani, hata mama yake, na huyu ni wa kwanza kusema haukuwa. Kisha akanielekeza kwa kidevu.

"Na huyu amekusindikiza?"

Hapo ndipo mahali pake. Neno "ndiyo" lingetosha. Nimemsindikiza mzee, magoti yanamsumbua. Sentensi ilikuwa tayari kabisa mdomoni, imenyooka, haina kigugumizi. Matroni alikuwa anatazama udongo, hakunisaidia.

"Kiranja wa bweni nilikuwa mimi," nikasema. "Mimi ndiye niliyekuwa naita majina. Wale wa nyuma walikuwa wanangoja mimi nirudie. Na mimi nilikuwa nakusikia. Mara ya kwanza, hata ile nusu, nilikuwa nakusikia. Nilirudia ili wacheke."

"Najua," akasema. "Ulikuwa unatabasamu kabla sijafungua mdomo."

Upepo ulikuwa unapeperusha makapi ya ufuta. Nilitaka aseme neno jingine, hata tusi. Aliweka fungu chini, akajifuta mikono kwa kanga, akanyooka mbele yangu, mrefu kuliko nilivyomkumbuka.

"Niite," akasema.

Nikaliita jina lake mara moja. Mdomo wake ukafunguka, neno likaganda, na mimi nikafunga wangu, nikasubiri mpaka akaitika.